James P. Johnson: Mkono wa kushoto uliofunza dunia jazi

KINANDA cha umeme kinachopatikana leo katika makanisa mengi ya Kitengela na Kajiado kina kitufe kimoja ambacho mpigaji akikibonyeza, ngoma na besi hujipiga zenyewe. Mkono wa kulia hufuata wimbo, nao wa kushoto hupumzika au husaidia kidogo tu.

Karne moja iliyopita hapakuwa na kitufe cha aina hiyo. Katika vyumba vidogo vya mtaa wa Harlem, jijini New York, mpiga piano aliyeketi peke yake alitakiwa kuwachezesha watu hadi alfajiri bila ngoma, bila gitaa wala tarumbeta. Kazi yote ya bendi ilibebwa na mikono miwili, na mzigo mzito zaidi uliuangukia mkono wa kushoto.

Aliyeubeba mzigo huo kwa ustadi uliowashinda wenzake alikuwa James Price Johnson, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1894 na kufariki mwaka 1955. Wengi duniani wanautambua wimbo wake mmoja, Charleston, pindi wanapousikia, ingawa ni wachache wanaolijua jina la aliyeutunga.

Wanafunzi wake na wale waliojifunza kwa kumwiga walipata umaarufu uliovuka bahari. Yeye mwenyewe alilala kwa karibu miaka 54 katika kaburi lisilo na jiwe wala jina. Kisa chake ni kisa cha msanii aliyeweka msingi, kisha akaachwa nje ya nyumba iliyojengwa juu yake.

Mtoto aliyechungulia ngazini

Johnson alizaliwa tarehe 1 Februari 1894 katika mji wa New Brunswick, jimbo la New Jersey. Mama yake, Josephine, alikuwa mtumishi wa nyumbani aliyeimba katika kwaya ya kanisa la Kimethodisti na kujifunza piano bila mwalimu. Kutoka kwake ndipo mtoto alipopata nyimbo za kwanza.

Mwaka 1902 familia ilihamia Jersey City, ng'ambo ya mto tu kutoka New York. Nyumbani kwao walikuja wageni waliotoka majimbo ya kusini, watu ambao wazazi au babu zao waliwahi kuwa watumwa. Usiku, watu wazima walisukuma viti kando wakacheza ngoma za mashambani walizozitoa huko kusini.

Johnson alisimulia uzeeni jinsi alivyokuwa akitoka kitandani na kuketi juu ya ngazi akiwachungulia. Alichokiona huko hakikumtoka. Kilikuja kuwa muziki wake.

Miongoni mwa ngoma hizo ilikuwamo ile ya duara iliyoitwa shout. Neno hilo kwa Kiingereza humaanisha kupiga kelele, lakini kwa watu wale lilikuwa jina la ibada ya kucheza. Wachezaji walizunguka duara wakiburuza miguu bila kuipishanisha, huku kiongozi akiimba na wengine wakimwitikia. Mapigo yalitoka kwa makofi, kwa miguu na kwa fimbo iliyogongwa sakafuni.

Ngoma hiyo ilihifadhiwa zaidi na Wagullah, wazawa wa Waafrika waliofanywa watumwa katika pwani na visiwa vya majimbo ya South Carolina na Georgia. Baada ya uasi wa watumwa wa Stono mwaka 1739, wakoloni wa South Carolina walitunga sheria mwaka 1740 iliyowakataza watumwa kutumia ngoma, kwa kuhofia kwamba zingetumiwa kuitana vitani. Ngoma zilipokatazwa, mwili wenyewe ukawa ngoma.

Msomaji wa Kajiado hatalishangaa jambo hilo. Nyimbo za asili za Wamaasai nazo haziendi kwa ngoma. Olaranyani, yaani kiongozi wa wimbo, huinua sauti juu, na kundi humjibu kwa mngurumo mzito unaotoka kifuani na kujirudia bila kukoma. Mngurumo huo ndio unaowarusha morani hewani.

Hakuna anayedai kwamba Wagullah na Wamaasai ni ndugu wa karibu kimuziki. Hata hivyo, kanuni ni ileile: chini pana pigo lisilochoka, juu pana sauti iliyo huru. Johnson aliichukua kanuni hiyo akaigawa kati ya mikono yake miwili. Kushoto kukawa kundi, kulia kukawa kiongozi.

Chuo cha densi kilichochezesha makuli

Mwaka 1908 familia ilihamia Manhattan, katika mtaa wa watu weusi ulioitwa San Juan Hill, upande wa magharibi wa kisiwa hicho. Kijana Johnson alianza kuwasikiliza wapiga piano wa mitaani waliopiga ragitaimu, muziki uliotangulia jazi. Aidha, alihudhuria tamasha za muziki wa Kizungu na kuzishika sauti alizozisikia humo.

Alipata pia mwalimu Mwitaliano, Bruto Giannini, ambaye kwa miaka kadhaa alimfunza kuweka vidole sawasawa, kusoma nota na kuielewa miundo ya muziki wa Ulaya. Kwa hivyo, tangu ujana Johnson alikuwa na elimu mbili, ya ngazini na ya darasani, na hakuwahi kuiona sababu ya kuitupa mojawapo.

Mwaka 1913 alikuwa akipiga piano katika ukumbi ulioitwa Jungles Casino, katika barabara ya 62. Ukumbi huo ulisajiliwa kama chuo cha densi kwa kuwa wenyewe hawakuwa na leseni ya dansi ya kawaida. Masomo yaliyotolewa humo yalikuwa machache.

Wateja wengi walikuwa Wagullah waliohama kutoka sehemu za Charleston na visiwa vya jirani. Baadhi yao walikuwa makuli wa bandarini, wakipakia na kupakua meli mchana kutwa. Usiku walitaka kucheza ngoma za kwao, nao hawakuvumilia mpiga piano aliyepoteza pigo.

Johnson aliitazama miguu yao na kuitungia muziki. Wachezaji walipoongeza mkogo, naye aliongeza mkogo kwenye piano. Huko ndiko alikotunga nyimbo kadhaa za aina moja, mmoja wao ukiwa ule ulioitwa Charleston miaka 10 baadaye.

Mtindo uliozaliwa kutokana na kazi hiyo uliitwa straidi, kwa maana ya kupiga hatua ndefu. Katika pigo la kwanza na la tatu, mkono wa kushoto hugonga sauti ya besi chini kabisa mwa piano. Katika pigo la pili na la nne, mkono uohuo huruka hadi katikati na kubonyeza fungu la sauti tatu au nne kwa pamoja. Safari hiyo ya kwenda na kurudi hurudiwa mamia ya mara katika wimbo mmoja, mara nyingi bila mpigaji kuangalia mkono wake.

Kuruka tu hakukutosha. Johnson aliweza kuyavuruga mapigo ya kushoto kwa makusudi, akayapanga matatu-matatu-mawili badala ya mawili-mawili, hata msikilizaji akadhani kwamba amejikwaa. Kisha aliyarejesha mahali pake kana kwamba hapakutokea lolote. Mbinu hiyo ndiyo iliyoutenga muziki wake na ragitaimu ya kale iliyokwenda kwa mwendo mmoja kama saa.

Harambee ya kodi ya nyumba

Kufikia miaka ya 1920, Wamarekani weusi walikuwa wakimiminika Harlem kutoka kusini. Kodi za nyumba zilikuwa juu kuliko zile walizotozwa wazungu katika mitaa mingine, ilhali mishahara ilikuwa chini. Wapangaji wakabuni njia ya kujiokoa.

Siku ya kodi ilipokaribia, mpangaji alitangaza sherehe nyumbani kwake na kuwatoza wageni kiingilio kidogo. Alipika matumbo ya nguruwe na kuku, akauza pombe kwa siri kwa kuwa ilipigwa marufuku nchini humo kati ya mwaka 1920 na 1933, kisha akamwalika mpiga piano. Fedha zilizopatikana zilimlipa mwenye nyumba.

Anayeishi katika vyumba vya kupanga vya Kitengela, mji uliofurika wapangaji wanaofanya kazi Nairobi na Athi River, anaijua vyema hofu ya mwisho wa mwezi. Anajua pia maana ya harambee. Sherehe ya kodi ilikuwa harambee yenye piano.

Sherehe hizo ndizo zilizokuwa chuo kikuu cha straidi. Wapiga piano watatu au wanne walikutana chumba kimoja wakashindana hadi mmoja akubali kwamba amezidiwa. Willie Smith, aliyejulikana kwa jina la Simba, aliingia kwa majivuno akiwa na kofia na sigara kubwa. Johnson alikuwa mtu mpole, mwenye haya, asiyejua kujitangaza. Aliingia, akaketi, akapiga, na mashindano yakaisha.

Silaha yake kuu ilikuwa wimbo Carolina Shout, uliobeba ndani yake ile ngoma ya duara aliyoichungulia utotoni. Wimbo huo ukawa mtihani wa Harlem. Kijana aliyetaka kuhesabiwa miongoni mwa wapiga piano alitakiwa aupige, na akiushindwa alirudi nyumbani kufanya mazoezi.

Karatasi yenye matundu

Waliofaulu mtihani huo wengi hawakumwona Johnson kwanza. Walimjua kupitia mashine. Wakati huo nyumba nyingi za Marekani zilikuwa na piano zilizojipiga zenyewe kwa kuongozwa na karatasi ndefu yenye matundu, iliyoviringishwa kama mkeka. Kila tundu liliamuru sauti moja. Johnson alianza kutengeneza karatasi hizo mwaka 1917 na kuendelea hadi mwaka 1927.

Mjini Washington, kijana aliyeitwa Duke Ellington aliipata karatasi ya Carolina Shout. Aliipunguza kasi mashine, akaangalia ni vibonye vipi vinavyoshuka, naye akaweka vidole vyake juu yake hadi akaujua wimbo wote. Johnson alipozuru Washington mwaka 1921, marafiki wa Ellington walimsukuma kijana huyo jukwaani aupige mbele ya mwenyewe. Mkubwa hakumdharau mdogo. Wakatoka pamoja usiku ule, na Ellington akawa mwanafunzi wake kwa mapenzi.

Huko Harlem, kijana Thomas Waller, maarufu kwa jina la Fats, naye alijifunza kwa njia hiyohiyo katika nyumba ya rafiki baada ya kufiwa na mama yake mwaka 1920. Alipokutanishwa na Johnson, alichukuliwa kama mwana. Johnson na mkewe, mwimbaji Lillie Mae Wright, walimfungulia nyumba yao, na Waller akakaa kwenye piano hadi usiku wa manane.

Mwaka huohuo wa 1921 Johnson aliingia studio kutengeneza santuri. Harlem Strut ilitolewa na Black Swan, kampuni ya santuri iliyomilikiwa na watu weusi. Tarehe 18 Oktoba aliirekodia kampuni ya Okeh wimbo Carolina Shout. Santuri hiyo huhesabiwa miongoni mwa za kwanza za piano pekee katika historia ya jazi.

Hapakuwa na maikrofoni. Mpigaji alielekeza sauti kwenye pembe kubwa ya bati iliyotikisa sindano, nayo sindano ikachora mifereji kwenye nta. Upande mmoja wa santuri uliweza kubeba takriban dakika tatu tu. Piano ilikuwa miongoni mwa ala zilizosumbua mno kunaswa kwa njia hiyo, kwani besi zilififia na sauti za juu zikapasuka.

Licha ya dosari hizo, anayeisikiliza santuri hiyo leo husikia mkono wa kushoto ukitembea kwa uhakika, kisha ukiteleza kwa makusudi na kurejea njiani. Santuri zake za baadaye, kama vile Snowy Morning Blues ya mwaka 1927 na You've Got to Be Modernistic ya mwaka 1930, zilirekodiwa kwa maikrofoni, na ndani yake utulivu na uchokozi wake husikika wazi zaidi.

Alikuwa pia bingwa wa kuwasindikiza waimbaji. Kati ya mwaka 1927 na 1930 alirekodi na Bessie Smith, malkia wa bluzi, nyimbo zipatazo 14. Katika Back Water Blues ya mwaka 1927, wimbo unaosimulia mafuriko, mkono wake wa kushoto hunguruma kama maji yanayopanda huku mwimbaji akieleza jinsi alivyopoteza makao. Katika kazi hizo Johnson hakujionyesha hata mara moja. Alimwachia mwimbaji nafasi yote ya mbele.

Wimbo ulioizunguka dunia

Mwaka 1923 tamthilia ya nyimbo ya watu weusi, Runnin' Wild, ilifika Broadway ikiwa na muziki wa Johnson na maneno ya Cecil Mack. Ndani yake mlikuwa na wimbo Charleston. Wachezaji walipiga makofi na miguu jukwaani kama walivyofanya makuli wa barabara ya 62.

Densi hiyo ikaenea Marekani, ikavuka hadi London na Paris, na ikawa alama ya muongo mzima. Wasichana walikata nywele, wakafupisha magauni, wakarusha magoti. Ni wachache waliojua kwamba walikuwa wakicheza ngoma ya wazawa wa watumwa wa Carolina.

Johnson alitunga nyimbo nyingine zilizodumu, zikiwamo Old Fashioned Love na If I Could Be with You, aliyoiandika mwaka 1926 pamoja na Henry Creamer. Malipo ya nyimbo hizo yalimwezesha, mwanzoni mwa miaka ya 1930, kujitenga na vilabu vya usiku na kuishi mtaa wa Jamaica katika wilaya ya Queens. Huko alitaka kuishughulikia ndoto yake kubwa.

Ndoto ya ukumbi mkubwa

Ndoto hiyo ilikuwa kuandikia okestra kamili muziki uliojengwa juu ya nyimbo na ngoma za watu weusi. Rafiki yake George Gershwin, mzungu aliyekutana naye mwaka 1920 wakati wote wawili walipotengeneza karatasi za piano, alisifiwa kote mwaka 1924 kwa kuingiza jazi katika muziki wa okestra kwa utunzi wake Rhapsody in Blue. Johnson aliona kwamba yeye aliyezaliwa ndani ya muziki huo alistahili kujaribu.

Mwaka 1927 alichapisha Yamekraw, utunzi mrefu uliopewa jina la makazi ya watu weusi ya mji wa Savannah, Georgia. William Grant Still aliupangia sauti za okestra. Tarehe 27 Aprili 1928 ulipigwa katika ukumbi wa Carnegie jijini New York, ukumbi ulioheshimiwa kuliko zote nchini.

Mtunzi mwenyewe hakuwa kwenye piano. Alikuwa akiongoza okestra ya tamthilia nyingine na hakuruhusiwa kuondoka kazini usiku huo. Aliyeketi mahali pake alikuwa mwanafunzi wake, Fats Waller.

Hakuvunjika moyo. Mwaka 1932 alimaliza Harlem Symphony, kisha akaandika kazi nyingine za okestra. Aliomba ufadhili wa wakfu wa Guggenheim ili apate nafasi ya kutunga, akakataliwa. Aliwaandikia viongozi wa okestra, na milango mingi ikabaki imefungwa.

Kwa wakuu wa kumbi za muziki, Johnson alikuwa mpiga piano wa vilabu. Kwa wapenzi wa jazi waliojitokeza miaka ya 1930, alikuwa mzee wa zamani aliyepaswa kuendelea kuwapigia Carolina Shout. Tarehe 23 Desemba 1938 alipanda jukwaa la Carnegie katika tamasha la John Hammond lililoonyesha safari ya muziki wa watu weusi, na akashangiliwa. Waliomshangilia walitaka mambo yake ya jana. Yeye mfukoni alikuwa na simfonia.

Kazi iliyobeba matumaini yake zaidi ilikuwa opera fupi, De Organizer, aliyoitunga na mshairi Langston Hughes. Inasimulia kisa cha wakulima maskini wa kusini, wanaolima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno, wakimngojea mtu wa kuwasaidia kuunda chama cha kujitetea. Ilionyeshwa Carnegie mwaka 1940 katika mkutano wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo, kisha ikatoweka. Haikuonyeshwa tena maishani mwake.

Kiharusi na kilio cha mwanafunzi

Mwaka huohuo wa 1940 Johnson alipigwa na kiharusi. Alijitahidi, akarejea kwenye piano, na kufikia mwaka 1943 alikuwa studio tena akiirekodia kampuni ya Blue Note. Wataalamu wengi huziweka santuri hizo miongoni mwa bora zake, kwani mkono uliougua bado ulijua njia.

Tarehe 15 Desemba 1943, Fats Waller alifariki ndani ya treni mjini Kansas City kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na umri wa miaka 39. Alikuwa maarufu duniani kwa sauti yake, vichekesho vyake na piano aliyofunzwa na Johnson. Maelfu ya watu walifurika Harlem kumuaga.

Siku chache baadaye mwalimu aliyebaki aliingia studio na kurekodi Blues for Fats. Hakuna maneno katika wimbo huo, wala haukuhitaji maneno. Ni mzee anayemlilia mtoto aliyepaswa kumzika yeye.

Kiharusi cha pili, kikali zaidi, kilimpata mwaka 1951. Kilimpooza, na mikono iliyokuwa ikizichezesha nyumba za Harlem ikanyamaza. Alibaki kitandani hadi tarehe 17 Novemba 1955, alipofariki jijini New York akiwa na umri wa miaka 61.

Hammond, aliyemjua kwa miaka mingi, aliandika katika jarida la Down Beat akilalamika kwamba kipawa hicho hakikuthaminiwa. Johnson alizikwa katika makaburi ya Mount Olivet, mtaa wa Maspeth, Queens. Hakuwekewa jiwe.

Njia kutoka Harlem hadi Kiswahili

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mkono wa Johnson uliendelea kupitia mikono ya wengine. Ellington aliupeleka kila bara, na mwaka 1973 alizuru Ethiopia na Zambia, ambapo mjini Addis Ababa Mfalme Haile Selassie alimtunuku nishani.

Thelonious Monk, aliyekulia katika mtaa uleule wa San Juan Hill, alionekana kwa wengi kuwa mpiga piano wa mambo mapya na ya ajabu. Inasimuliwa kwamba siku moja alipojisikia akipiga, alikiri mwenyewe kwamba amefanana kabisa na Johnson.

Kutoka kwa Ellington na Monk akajifunza Randy Weston wa Brooklyn. Mwaka 1960, bendera za mataifa mapya zilipokuwa zikipanda Afrika, Weston alirekodi utunzi mkubwa wa jazi aliouita Uhuru Afrika. Maneno yaliandikwa na Langston Hughes yuleyule wa De Organizer, naye Tuntemeke Sanga wa Tanganyika akayatamka kwa Kiswahili. Sehemu ya kwanza iliitwa Uhuru Kwanza.

Mwaka 1962 Hughes mwenyewe alifika Makerere, Uganda, katika mkutano wa waandishi wa Afrika. Johnson hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika Mashariki, lakini wenzake na warithi wake walifika karibu, na lugha ya huku ikaingia katika muziki aliouwekea msingi.

Kodi ya mwisho

Miaka mingi ilipita kabla deni lake kuanza kulipwa. Familia yake ilikuwa imehifadhi miswada, ambayo baadaye iliwekwa katika taasisi ya utafiti wa jazi ya Chuo Kikuu cha Rutgers. Miaka ya 1990 kiongozi wa okestra Marin Alsop aliirekodi Harlem Symphony na kazi nyingine, nayo serikali ya Marekani ikatoa stempu yenye sura yake mwaka 1995.

Mwaka 1997 mpiga piano na mwanazuoni James Dapogny aligundua muziki wa De Organizer miongoni mwa karatasi zilizohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Michigan. Aliutengeneza upya, na mwaka 2002 opera hiyo ikasikika tena, miaka 62 baada ya usiku wake mmoja wa mwaka 1940.

Kulibaki kaburi. Mnamo Oktoba 2009 wapiga piano wa New York walikusanyika katika klabu ya jazi, wakapokezana piano na kuchangisha fedha za jiwe. Tamasha hilo waliliita sherehe ya mwisho ya kodi ya James P. Johnson. Aliyewasaidia wapangaji wengi wa Harlem kumlipa mwenye nyumba hatimaye alilipiwa makao yake.

Jiwe likawekwa mwaka huo, likiwa na jina lake.

Mtaa wa San Juan Hill haupo tena. Ulibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1950, na katika eneo hilo kukajengwa Lincoln Center, makao ya okestra na opera maarufu kuliko zote za New York. Kumbi kubwa alizozibishia hodi Johnson maisha yake yote zilikuja kusimama, akiwa amekwisha kufa, pale pale alipojifunza kuwachezesha makuli.